Mzee wa Tunalifanyia Kazi

Katika mji huu wote sijamfokea mtu kama nilivyomfokea yule mzee, na sijapata kujibiwa kwa upole kama alivyonijibu yeye. Ndiyo maana nikimkumbuka, kwanza uso wangu unapata moto. Lakini nimeona nimwandike tu, kwa sababu hapa mtaani kwetu Kariakoo watu wameanza kumsimulia kama kichekesho, na mimi ninayejua habari yake sicheki tena.

Jina lake analo, na kwao sijui, sikuwahi kuuliza. Sisi tulimwita Mzee wa Kaunta. Alikuwa mapokezi kwenye karakana ya kampuni moja inayouza magari mapya hapa mjini. Ukipeleka gari, yeye ndiye anayekupokea. Ukienda kuulizia gari, yeye ndiye anayekuambia bado. Wengine wanaofanya gari isitoke, akina fomeni na meneja na watu wa stoo, huwaoni ng'o. Unamwona yeye, na shati lake jeupe la kampuni lililopigwa pasi mpaka mikono imesimama, na kalamu mfukoni.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Ukimwendea umevimba, anakuacha uvimbe mpaka mwisho, halafu anakuambia, "Tulia kwanza, mama. Tunalifanyia kazi." Maneno hayo aliyasema mara nyingi mno hata yakawa ya mtaa mzima. Ukimwuliza mtoto amemaliza kuosha vyombo, anakujibu tunalifanyia kazi. Ukimdai mpangaji wako kodi, tunalifanyia kazi. Nilipata kumsikia muuza kahawa akimwambia hivyo hivyo Mzee mwenyewe, na Mzee akacheka na wenzake, ila kahawa hakuimaliza.

Mtaani aliishi ghorofa ya pili, jengo la jirani na duka langu. Mimi nauza vitu vya plastiki: ndoo, mabeseni, viti, majagi, kwa jumla na rejareja. Kilimanjaro ndiko kwetu, ila Kariakoo ndiyo imenilea, na ulimi wangu mrefu umetoka hapa hapa, nisiwasingizie watu wa kwetu. Mzee nilimjua kabla sijajua anafanya kazi wapi. Nilimjua kama mtu anayeachiwa funguo. Watu wa jengo lile wakisafiri, funguo za nyumba zinabaki kwake, wa dini yake na wa dini nyingine, na hakuna aliyerudi akakuta hata kijiko kimehama. Wapangaji wakigombana kuhusu tangi la maji, anaitwa yeye. Anasikiliza, anasema wewe umekosa na wewe umekosa, na wanaondoka. Nyumbani kwake uongo haukuwa na nafasi. Mjukuu wake mmoja alidanganya kuhusu soda, akapelekwa kwa mkono mpaka dukani akaombe msamaha mbele ya wateja.

Sasa mtu huyo huyo, akishavaa lile shati, alidanganya kutwa nzima. Hilo lilinichanganya kwa muda mrefu. Alidanganya kwa adabu, kwa shikamoo na marahaba, kwa kukusogezea kiti na maji ya baridi, lakini alidanganya. Spea iko njiani. Fundi wake anaumwa. Gari inamaliziwa, iko kwenye kuoshwa. Ukitoka pale unajisikia umehudumiwa, ukifika barabarani unakumbuka kwamba umekuja na teksi na unarudi na teksi.

Mtu atauliza kwa nini tulikuwa tunaenda pale, wakati pale mtaa wa Gerezani mafundi wamejaa na gari unatengenezewa ukiwa umesimama. Jibu ni waranti. Gari ikiwa mpya wanakupa waranti, na fundi wa nje akigusa hata nati moja, waranti imekufa. Jibu la pili, na hili ndilo la kweli, ni kwamba pale tulikuwa na mtu.

Mjini hapa huendi mahali bila kuuliza kwanza, "Una mtu pale?" Benki, bandarini, hospitali, shule ya mtoto. Ukiwa na mtu, hata kama ni mlinzi wa getini, moyo unatulia. Basi sisi wa mtaa ule tulikuwa na Mzee. Alipokuja kusema kampuni yao imeleta kirikuu mpya, zile pikapu ndogo za mzigo, imara, nilinunua mimi, akanunua jirani yangu Mama Zuhura, aina moja, rangi moja, nyeupe. Wengine wakanunua za kutembelea. Hatukuuliza maswali mengi. Mzee yupo ndani, tunauliza nini?

Kumbe Mzee ndani hakuwa na kitu. Alikuwa na kaunta na kalamu, basi. Stoo ya spea haingii, fomeni hamsikilizi, meneja ambaye angeweza kuwa mwanawe anamwita kwa kidole. Nililiona hilo kwa macho yangu, yule kijana amekunja kidole na Mzee anainuka na mvi zake. Lakini hakuwahi kumwambia jirani, "Msilete magari yenu kwangu, mimi pale sina uwezo." Angesemaje? Watu wamemheshimu kwa sababu yuko pale. Kila aliyemwendea alimpokea, akachukua funguo, akasema tunalifanyia kazi.

Na sisi kwa upande wetu hatukuwahi kupeleka malalamiko juu. Kuna wakati magari ya mtaa wetu mzima yalikuwa yamelala kwenye yadi ile, na bado hakuna aliyekwenda kwa wakubwa. Tungeendaje? Kulalamika ni kumchomea jirani, na jirani mwenyewe amebakiza kidogo astaafu. Kwa hiyo tulikuwa tunamfokea yeye kwa ajili ya kumlinda. Nikiliandika hivi naona lilivyo la ajabu, lakini wakati ule lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Alikuwa na njia zake za kurudi nyumbani. Mara anatokea Msimbazi, mara anazunguka huko nyuma sokoni, mara anapita uchochoro wa wauza vitambaa. Tulidhani anapenda kutembea. Baadaye tukagundua anakwepa watu wenye magari. Akipita mtaa fulani ametembea katikati ya barabara na kichwa juu, jua mtaa ule wote magari yametoka. Na lile shati la kampuni alikuwa analivua kazini kabla ya kutoka, analiweka kwenye mfuko wa plastiki, anarudi na fulana ya kawaida kama mtu aliyetoka kununua dagaa.

Lakini alikuwa na tabia moja ambayo watu wanaisahau. Jioni, kwa simu yake mwenyewe na vocha yake mwenyewe, alikuwa anawapigia wateja.

"Mama Neema, habari za jioni?"

"Nzuri, Mzee. Shikamoo. Imetoka?"

"Marahaba. Hapana, haijatoka. Nimepiga kukuambia kwamba leo hakuna jipya."

"Sasa Mzee, kama hakuna jipya unapiga ya nini?"

"Ili usikae unasubiri."

Nilikuwa nakata simu kwa hasira. Leo ndiyo natambua kwamba ile ndiyo ilikuwa nafasi yake ya kusema ukweli katika siku nzima, na alikuwa anailipia mwenyewe.

Sasa niseme habari ya giaboksi.

Kirikuu yangu iliharibika giaboksi ikiwa bado mpya, nailoni haijatoka kwenye viti. Nikaipeleka kwa Mzee. Akaipokea. Wiki zikaenda. Mimi mzigo wangu ni mwepesi lakini ni mkubwa, huwezi kupakia viti vya plastiki kwenye bajaji, na wateja wangu wa Magomeni na Manzese walishaanza kwenda kwa wengine. Kila nikienda, giaboksi iko njiani. Siku moja nikachoka. Nikachukua kiti kimoja cha plastiki dukani kwangu, chekundu, nikaingia nacho kwenye ukumbi wao unaong'aa, nikakiweka katikati ya magari mapya, nikakaa.

"Leo silali kwangu," nikasema. "Nalala hapa."

Mzee akatoka nyuma ya kaunta. "Mama Neema, tulia kwanza. Tunalifanyia kazi."

"Mnalifanyia kazi gani? Gari yangu mmeilaza huko nyuma mpaka kuku wanataga ndani!"

"Giaboksi imeshafika, mama. Iko bandarini."

Hapo ndipo aliponikosea. Mimi bandarini natoa mzigo, kontena zangu naziulizia mwenyewe, mawakala wa pale wananijua mpaka wananikimbia. "Bandarini wapi?" nikamwuliza. "Nitajie meli. Nitajie tu jina la meli, Mzee, nikaitoe mwenyewe!"

Mzee akatazama kalamu yake. Wateja wote wamegeuka. "Meli," akasema, "wanasema ni kubwa."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, kile kicheko cha kumvunja mtu, halafu nikainuka nikamwambia maneno ambayo kwetu huwezi kumwambia mtu wa umri ule. Nikamwambia, "Mvi zote hizo, mzee mzima, umekaa hapo unadanganya watoto wa wenzio. Huna hata haya!" Kijana meneja alichungulia mlangoni, akafunga mlango.

Mama Zuhura alikuwepo. Siku hiyo alikuwa ameleta kirikuu yake, breki zilikuwa zinapiga kelele, kitu kidogo tu, na alikuwa na hotipoti ya vitumbua amemletea Mzee, maana ndivyo alivyo. Mama Zuhura anapika vyakula vya shughuli, harusi na hitima, yeye na masufuria yake, na haendi mahali mikono mitupu. Akanivuta nguo. "Shoga, punguza. Mzee wetu huyu."

"Mzee wenu," nikamwambia. "Mimi nataka gari yangu."

Mzee akaniletea maji. Nikayakataa. Mama Zuhura akamkabidhi funguo zake na vitumbua, akamwambia, "Wala usiwe na haraka na yangu, Mzee wangu. Ukipata nafasi."

Kabla ya wiki ile kwisha, gari yangu ikatoka. Nilipigiwa simu, nikaenda, ikawashwa, gia zinaingia kama kisu kwenye ndizi mbivu. Mzee alinipa funguo akiwa anaangalia pembeni. "Gari yako hii, mama. Iko salama." Hakusema spea imefika. Wakati ule sikuligundua hilo, au niseme sikutaka kuligundua.

Nikarudi mtaani natamba. Kila aliyeniuliza nilimwambia, "Wale dawa yao ni kelele. Nilipiga kiti katikati ya ukumbi, wakaitoa haraka!" Nikaisimulia meli kubwa mpaka watu wakashika mbavu. Mama Zuhura naye akacheka, akaniambia hongera.

Yake haikutoka.

Baada ya muda alikuja dukani kwangu amejishika kichwa. "Mama Neema, hebu nieleweshe mwenzio. Mimi nimepeleka breki. Leo naambiwa giaboksi imekufa. Gari imeingia pale inatembea yenyewe, itakufaje giaboksi imepaki?"

Nilikuwa nimeshika mabeseni. Sikuwa na ushahidi wa kitu, wala sikuambiwa na mtu, lakini nikakumbuka gia zangu zinavyoingia, na nikasema, "Ndiyo zao hao, shoga." Halafu nikageuka nikaanza kupanga mabeseni ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

Tangu siku hiyo nikawa na jambo nisilolitazama. Mama Zuhura akaanza kukodi. Samaki wa Feri anawafuata kwa bajaji, chakula cha shughuli anakipeleka kwa guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu. Harusi moja ya Magomeni, guta likapinduka kwenye kona, pilau ya watu wote ikamwagika barabarani na kachumbari juu yake. Bibi harusi alilia, mama mkwe alitukana, na ile familia, ambayo ilikuwa na harusi nyingine mbili mbele, haikumwita tena. Na wengine wakasikia. Mwanamke aliyekuwa hapumziki mwisho wa wiki, akawa anakaa barazani Jumamosi anasuka ukili.

Mara mojamoja nilimpa lifti. Alikuwa anashukuru mpaka nakereka. "Mungu akuzidishie, shoga, bila wewe sijui ningefanyaje." Nilikuwa nafungua redio. Ningeweza kumwambia kitu, hata kusema tu twende pamoja tukaulize vizuri, mimi ninayejua kupiga kelele. Sikwenda. Kelele zangu zote zilikuwa za gari yangu.

Na Mzee wakati huo alibadilika. Vitumbua vya Mama Zuhura aliendelea kupelekewa, na nasikia pale kazini alikuwa anawapa wenzake wote, yeye hagusi. Mtaani akawa hapiti tena kwenye mlango wa Mama Zuhura hata kwa kuzunguka. Mimi akinisalimia, ananisalimia haraka, na mimi namjibu haraka. Tulikuwa kama watu waliokula kitu kimoja wakiwa wamejificha, na kila mmoja anaogopa mwenzake atapangusa mdomo hadharani.

Akastaafu. Kaunta akakaa kijana na kompyuta, ambaye huyo hata maji hakupi. Kirikuu ya Mama Zuhura ikabaki kule yadini, na sasa hakukuwa na wa kumpigia simu jioni kumwambia kwamba hakuna jipya.

Halafu ikasikika Mzee anakwenda Hija, watoto wake wamemlipia.

Mimi ni Mkristo, lakini nimekaa na Waislamu wa pwani vya kutosha kujua utaratibu wao. Anayekwenda kuhiji haondoki hivi hivi. Anapita kwa watu, nyumba kwa nyumba, anaaga na kuomba radhi. Nisamehe nililokukosea, unalolijua na usilolijua. Na wewe unajibu, nimekusamehe, na wewe nisamehe. Mara nyingi ni jambo la dakika moja, watu wanalia kidogo, wanapeana mikono, yamekwisha.

Kwa Mzee lilikuwa jambo la wiki nzima. Fikiria ni watu wangapi mji huu wamelaza gari kwa mkono wake! Alipita Kariakoo yote, kanzu nyeupe, mlango kwa mlango, duka kwa duka. Watu walimpokea vizuri, wengine kwa utani. Muuza matairi mmoja alimwambia, "Radhi yako, Mzee, tunaifanyia kazi," na mtaa ukaanguka kwa kicheko. Mzee akasubiri kicheko kiishe, akasema, "Nasubiri, mwanangu." Yule mtu akamshika mkono kwa mikono miwili.

Kwangu alikuja alasiri. Nilimwona kwa mbali akitokea kwa Mama Zuhura, anavuka barabara polepole.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuaga, na kukuomba radhi. Kwa ninayoyajua na nisiyoyajua."

Nikamjibu haraka haraka, "Nimekusamehe, Mzee, na mimi unisamehe ile siku ya kiti. Nilikukosea sana."

"Ile siku ulisema kweli," akasema. Nikadhani atainuka aende. Hakuinuka. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kanzu ameikusanya magotini, anatazama barabarani.

"Bado kuna moja," akasema. "Giaboksi iliyomo kwenye gari yako haikutoka bandarini."

Nilitaka kusema, unasema nini, Mzee? Nilijua. Nilijua tangu siku ya mabeseni.

"Ni ya Mama Zuhura," akasema. "Kule wanaita kuazima. Gari moja inasubiri, nyingine mwenyewe anapiga kelele, wanatoa huku wanaweka kule, spea ikija wanarudisha. Ni mtindo wao wa siku zote. Fomeni akaniuliza tutoe ya nani, maana zenu ni aina moja. Nikamwonyesha."

"Kwa nini yake?"

"Kwa sababu wewe ulikuwa unanitukana, na yeye kaniletea vitumbua. Nilijua yeye atasubiri."

Sijui kama kuna maneno yaliyopata kunichoma kama hayo. Yangekuwa ya kunilaumu ningejitetea. Hayakuwa ya kunilaumu.

"Nilidhani ni siku chache," akaendelea. "Ile iliyokuja ikawekwa kwenye gari ya mtu mkubwa. Halafu wakaniambia nimwambie imekufa. Nikamwambia. Sasa nimetoka kwake, nimemwomba radhi. Hata sijamaliza kusema, amenisamehe. 'Duniani na akhera, Mzee wangu.' Amenisamehe asichokijua, mama. Nitasimama vipi kule na msamaha wa namna hiyo?"

"Si urudi umwambie," nikasema.

"Nikimwambia langu nitakuwa nimesema na lako. Atauliza iko wapi. Wewe hukunituma. Sitaki nijisafishe kwa kukuchafua. Ndiyo nimekuja, unipe ruhusa, au usinipe."

Jamani, nilimchukia mzee yule kwa wakati ule. Maneno yalikuwa tayari ulimini: nenda tu, Mzee, hayo ni ya kampuni, Mungu anaijua kampuni. Ningeyasema angeyachukua, angeondoka, angekwenda nayo mpaka Makka. Nilifikiria mzigo wangu wa Magomeni. Nilifikiria Mama Zuhura akijua, na mtaa ukijua kwamba mama wa kelele anaendesha giaboksi ya mama wa vitumbua. Ng'ambo ya barabara nilikuwa nasikia anavyomwita mtu amletee mkaa.

Mzee akaanza kuinuka. Hakunisukuma, hakunipa mawaidha. Alikuwa anaondoka kama mtu aliyekwisha kuelewa jibu. Hapo ndipo nikasema, "Ngoja nifunge duka. Twende wote." Sikusema kwa wema. Nilisema kwa sababu yeye alikuwa anaondoka, na mimi nilikuwa nabaki na Mama Zuhura usoni kwangu kila asubuhi.

Tulimkuta uani, amekaa kwenye mkeka anachambua mchele kwenye ungo. Alifurahi. "Mzee, umerudi? Na Mama Neema umemleta! Karibuni, karibuni, ngoja niwaletee chai."

"Usiinuke, mama," Mzee akasema. Akavua viatu ukingoni mwa mkeka, akakaa chini mbele yake, na akamwambia yote. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia anazungumzia gari bila kuahidi kitu. Alisema, "Mimi ndiye niliyeonyesha yako," alisema, "Iko kwenye gari ya huyu," alisema, "Huyu hakunituma." Vidole vya Mama Zuhura viliendelea kuchambua mchele kwa muda, halafu vikasimama.

"Kwa hiyo giaboksi yangu haikufa."

"Haikufa, mama. Nilikudanganya."

"Na ile pilau ya Magomeni..." Hakumaliza. Alitazama mchele wake, nikadhani atalia, hakulia.

Kisha akaweka ungo chini. "Mzee, mara ya kwanza nilikusamehe kwa mazoea. Sasa nakusamehe najua ninasamehe nini, na imeniuma, usidhani haijaniuma. Duniani na akhera. Nenda salama, na ukifika kule uniombee." Mzee alichukua mkono wake akauweka kwenye paji la uso wake, kama mtoto kwa mkubwa.

Mimi nilikuwa bado nimesimama. Nikaona ndiyo nafasi, wakati moyo wake umelainika. "Mama Zuhura," nikaanza, "na mimi naomba—"

"Wewe ngoja." Sauti haikuwa ya ukali. "Yeye anakwenda Makka. Wewe unakwenda wapi?"

Nikatazama ungo wake.

"Wewe huendi popote. Mimi na wewe tupo wote hapa hapa, hakuna haraka." Akavuta ungo, akaanza tena kuchambua. "Kesho alfajiri lete hiyo gari, unipeleke Feri nikachukue samaki. Na kesho kutwa. Na Jumamosi nikipata shughuli unapakia masufuria, unashusha, unanirudisha. Mpaka yangu itoke."

"Sawa," nikasema. Nikageuka nikamtazama Mzee, maana kati yetu sisi watatu yeye ndiye aliyejua gari zinatoka lini kule. Alikuwa ameinama, anatafuta viatu vyake.